Vijana Wapende Kutu

Nchi yetu sitaitaja. Si kwa woga, maana kwetu hakuna mwoga. Kuogopa kulipigwa marufuku, na anayeonekana kuogopa hushitakiwa. Siitaji kwa adabu tu, kama mtu asivyomtaja mkwewe jina. Ukiona inafanana na nchi unayoijua, kosa ni la macho yako, nenda ukapimwe.

Mimi ni fundi mitambo wa Redio ya Taifa. Kazi yangu ni kuhakikisha sauti ya serikali inasikika, na serikali ikibadilika, ibadilike bila mikwaruzo. Nchi nyingine zina masanduku ya kura. Na sisi tunayo, tena mazuri, tunahifadhia mbegu za mahindi. Lakini rais kwetu hupatikana hivi: asubuhi gari la deraya linasimama mbele ya lango la Redio, bendi inapuliza tarumbeta, mtu anashuka, mimi nampa kipaza sauti. Basi, kazi imekwisha. Hakuna foleni wala wino kidoleni. Marais wote niliowahudumia walikuja kwa njia hiyo, na wote walisifu chai yangu.

Rais wa wakati huu ninaousimulia aliitwa Mlezi Mkuu. Yeye alikuja na deraya lililoandikwa ubavuni neno moja, HESHIMA. Alipokwisha kunywa chai alikaa akafikiri, jambo ambalo marais wengi hawalifanyi siku ya kwanza, na akili ikamwambia kwamba mlango uliomwingiza yeye haujafungwa. Akatoa amri palepale. Magari yote ya vita nchini, kuanzia siku hiyo, ni vitu vya kale. Na kitu cha kale hakiendi, kinatazamwa.

Magari yakakabidhiwa kwa Jumuiya ya Wazee Wapenzi wa Magari ya Kale ya Vita. Kila mwaka Bunge liliendelea kupitisha fungu la dizeli kwa ajili ya magari hayo yasiyokwenda, na kila mwaka dizeli hiyo ilikwisha kabla ya Krismasi. Sisi raia tulistaajabu sana jinsi chuma kikuukuu kilivyo na kiu.

*

Kila Jumamosi wazee wa Jumuiya walikusanyika uwanjani kwao, wakayapaka magari mafuta ya nazi, wakanywa chai ya tangawizi na kusimuliana vita ambavyo wengi wao walivisikia kwetu redioni. Kila mzee alikuwa na gari lake la kulipenda. Meja Mstaafu Luhende alikuwa na lori lisilo na magurudumu, na alilisifu kwamba tangu akabidhiwe halijapata pancha. Kuku wa jirani walitagia ndani ya mtutu wa lile deraya la Heshima, na mayai yale yaliandikishwa kama silaha.

Shida ilikuwa moja tu, wazee walikuwa wanakwisha. Kanali Mstaafu Mwinshehe aliaga dunia akiwa ndani ya kifaru chake, na kwa kuwa siku zote alikuwa mtu mkimya, wenzake hawakutambua. Wakamchagua mweka hazina. Inasemekana hajapata kutokea mweka hazina mwaminifu kama yule.

Habari zilipofika Ikulu, Mlezi Mkuu alishtuka. Wazee wakiisha wote, nani atahakikisha magari hayaendi? Akamwita Waziri wa Vijana, Kutu na Urithi, Mheshimiwa Daktari Ngwanda, akamwambia anataka vijana wayapende magari ya kale, wayapende kwa hiari yao wenyewe, na asiyetaka akamatwe.

Waziri akaja kwetu kuhutubia taifa. Nilimwekea kipaza sauti kile kinene, maana anatema mate.

"Vijana wa taifa hili!" alianza. "Taifa lisilo na kutu ni taifa lisilo na jana! Mnalalamika kwamba hamna kazi. Nawauliza, mmewahi kulitazama lori la vita kwa makini? Mtu anayelitazama lori la vita kwa makini, asubuhi mpaka jioni, anaipata wapi nafasi ya kutafuta kazi? Serikali imewaletea ufumbuzi! Vijana, pendeni kutu!"

Nilikuwa peke yangu studioni, nikapiga makofi ya watu wengi.

*

Kampeni ikaanza kwa kishindo. Watoto wa shule walifundishwa nyimbo za kusifu gia. Wachumba walishauriwa wapige picha mbele ya kifaru badala ya mbele ya maua. Mimi mwenyewe nilipewa kipindi, Saa ya Kutu, ambacho ndani yake wasikilizaji walisikilizishwa lori likiwa limesimama. Barua za pongezi zilimiminika kutoka wizarani.

Vijana hawakuja. Walikuwa na mambo yao. Basi ikaamriwa kwamba kijana hatapata kitambulisho mpaka awe na Cheti cha Mapenzi, na cheti hakipatikani mpaka akalikumbatie gari mbele ya Kamishna wa Mapenzi ya Magari. Huyu Kamishna zamani alikuwa mganga wa mifugo. Alikuja na chombo chake cha kusikilizia kifua, anakiweka kwenye moyo wa kijana huku kijana amekumbatia bampa, anasikiliza, halafu anatikisa kichwa.

"Huyu hapendi," anasema. "Huyu anajipitisha tu. Rudi wiki ijayo ukiwa umependa."

Foleni ikazunguka uwanja. Vijana walijifunza mbinu; wengine walikimbia kwanza mbio ndefu ili moyo udunde, wengine walimfikiria mtu mwingine. Kamishna alikuwa amekata tamaa kabisa na kizazi hiki mpaka siku alipofika kijana mmoja aitwaye Zamoyoni.

Huyu Zamoyoni alikuwa kinyozi, na kibanda chake kilikuwa pale pale jirani na uwanja. Alipoliona deraya la Heshima alisimama mdomo wazi. Akalizunguka. Akaligusa. Akaingiza kichwa ndani, akakitoa, akakiingiza tena. Alipolikumbatia, Kamishna alimwekea chombo kifuani, akaruka nyuma kama aliyepigwa na umeme.

"Jamani!" alipiga kelele. "Kijana huyu atakufa kwa mapenzi! Mwiteni Waziri!"

Moyo wa Zamoyoni ulikuwa unadunda kweli, lakini sababu yake Kamishna hakuuliza, na utaratibu haumtaki aulize. Sababu ilikuwa Chausiku.

*

Chausiku alikuwa binti wa Mzee Mwinjuma Kondo, mtu mwenye kichwa kigumu kuliko watu wote wa upande wa pili wa mji. Posa ya Zamoyoni aliipokea, kinyozi hakumchukia, lakini aliweka sharti moja. Kule mtaani kwao kulikuwa na gari moja jeupe, refu, la kukodi, lenye maua ya plastiki mbele, na kila bibi harusi wa mtaa alichukuliwa na gari hilohilo. Mzee Kondo alilichoka.

"Binti yangu hapandi gari lililobeba mabibi harusi wa mtaa mzima," alisema. "Njoo na gari ambalo halijawahi kumbeba bibi harusi yeyote katika nchi hii. Uwe umefika Jumamosi kabla ya adhuhuri. Usipofika, yule afisa wa forodha naye ameleta posa, na shekhe nitakuwa nimekwisha mwita. Sitamlisha shekhe pilau ya bure."

Zamoyoni alikuwa amezunguka mji mzima. Aliangalia gari la zimamoto, akaambiwa limewahi. Aliangalia gari la taka, nalo, utashangaa, limewahi mara mbili. Alikuwa amekonda, na wateja wake walikuwa wanatoka kibandani na nywele za upande mmoja. Ndipo akaliona deraya. Nani katika dunia hii aliwahi kuchukuliwa na deraya akaenda kuolewa?

Waziri alifika, akamtangaza Zamoyoni kuwa Kijana wa Mfano, akampa cheti chenye utepe na kumuuliza taifa limpe nini.

"Mheshimiwa, naomba nilichukue hili gari nikalilee nyumbani."

Waziri alicheka mpaka akakohoa. Alijua gari haliendi. Akatangaza palepale Mpango wa Taifa wa Kulea Magari, akaweka saini, na vijana waliokuwa kwenye foleni wakalisukuma deraya mpaka mbele ya kibanda cha kinyozi. Wazee wa Jumuiya walilisindikiza kwa machozi, kama wanamwozesha mwana. Nilitangaza moja kwa moja kutoka hapo, na mimi pia nililia, kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwenye ratiba.

*

Sasa lazima nikuambie kuhusu kamati ya harusi. Nchi yetu ina wizara nyingi, tume, mamlaka, na ofisi inayoshughulikia ofisi. Zote nzuri. Lakini ukitaka jambo lifanyike siku iliyopangwa, watu walishwe na sufuria zirudi kwa wenyewe, unaita kamati ya harusi. Kamati ya Zamoyoni iliongozwa na shangazi yake, Bi Tabu Mwinchande, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto.

Bi Tabu alilitazama deraya, akaweka mikono kiunoni.

"Na hili litafikaje kwa Mzee Kondo?"

"Tutalisukuma, shangazi," alisema Zamoyoni. "Vijana wapo."

"Mimi nimeongoza harusi tangu hujazaliwa, na sijapata kumsukuma bibi harusi. Kwani lina ugonjwa gani?"

Wazee wa Jumuiya waliokuwepo walieleza kwa heshima zote kwamba gari lile ni la kale, na vitu vya kale vina taratibu zake. Bi Tabu hakuwasikiliza. Alikuwa amekwisha tangaza mchango. Safari hii, alisema, hataki sahani wala vikombe. Kila mwalikwa alete dizeli.

Ikaletwa. Ilikuja katika madumu, chupa za soda na birika. Mama mmoja alileta kwenye chupa ya mtoto. Betri wakazitoa kwenye mashine za kunyolea, wakazifunga mbili pamoja. Zamoyoni akaketi ndani, akabonyeza alichoona cha kubonyeza.

Heshima likakohoa. Likatoa wingu jeusi lililowafanya watu wa mtaa wa tatu waanue nguo. Kuku akaruka kutoka kwenye mtutu na yai bado njiani. Kisha likanguruma, na mbwa wote wa mji wakanyamaza.

Meja Luhende alishika kichwa. "Linakwenda!" alilia. "Miaka yote hii, linakwenda!"

"Kwani mlifikiri halina nini, baba?" aliuliza Bi Tabu.

Mzee yule alifikiri sana. Akasema kila mwaka waliambiwa mafuta yamewekwa.

*

Harusi bila sare si harusi. Kamati ilikaa, ikachagua kitambaa cha kijani cha kufanana na gari, na kwa kuwa fundi cherehani alikuwa na vifungo vya shaba vilivyobaki kwenye kazi nyingine, akavitia vyote. Wakakodi bendi ya tarumbeta. Juu ya mtutu wakatandika kanga iliyoandikwa "Mdhaniaye ndiye, kumbe siye", zawadi kwa wifi mmoja ambaye walitaka aisome.

Jumamosi wakaondoka mapema, Heshima mbele, bendi nyuma yake, kamati nzima katika sare za kijani. Lakini deraya lile lilikwenda polepole, na kila baada ya kilima lilitaka maji. Jua lilikuwa linapanda. Zamoyoni alichungulia kwenye kitundu, akaona bado hawajafika hata nusu ya safari. Akilini alimwona Chausiku amekaa kwenye mkeka na hina mkononi, na yule afisa wa forodha anavua viatu mlangoni.

"Shangazi, hatuwahi!"

"Mzee Kondo anasikiliza nini nyumbani?" aliuliza Bi Tabu.

"Redio ya Taifa. Tangu asubuhi mpaka alale. Haruhusu mtu aguse."

"Si ile pale Redio? Shuka ukatume salamu, umwambie asubiri."

Heshima likasimama mbele ya lango letu. Bendi, kwa kuwa walilipwa kupuliza na si kusimama, wakapuliza.

*

Mimi nilikuwa nakunywa uji. Nikaangalia dirishani, nikaona deraya langoni, bendi inapuliza, watu wa sare wanajipanga. Nikaweka kikombe chini. Mtu mwenye uzoefu hababaiki. Nikafungua kabati la mapinduzi, nikatoa kiti chenye mto, kikombe kizuri na kitambaa cha meza. Nikafungua mlango kabla hajabisha.

"Shikamoo mzee," alisema Zamoyoni.

"Marahaba," nilisema, halafu nikakumbuka itifaki. "Hapana. Shikamoo wewe."

Alinitazama kwa huruma, akadhani nina homa.

"Mzee, naomba kutuma salamu. Nina haraka."

"Wote huwa na haraka, Mheshimiwa," nilimwambia, nikamkalisha na kuwasha kipaza sauti. Utaratibu wetu hausemi mgeni atamke maneno gani. Unasema apewe nafasi.

Naye akasema hivi, na taifa zima likamsikia: "Shikamoo baba mkwe. Ni mimi Zamoyoni, kinyozi. Tumechelewa kwa sababu hili gari linakunywa maji, lakini tunakuja, tena tuko Redioni hapa. Nakuomba kwa hisani yako usimwoze yule wa forodha. Chausiku, usilie, wanja utatoka. Nawasalimu na wateja wangu wote, leo sinyoi. Ujumbe wangu: mvumilivu hula mbivu."

Huko Ikulu, Mlezi Mkuu hakusikia hata neno moja la salamu zile. Wapishi wake walinieleza baadaye. Alisikia tarumbeta redioni, akasikia nyuma ya tarumbeta muungurumo wa Heshima, ambao anaujua kuliko mtu yeyote nchini, akatoka kwa mlango wa jikoni akiwa na taulo. Hatumlaumu. Mtu aliyeingia kwa dirisha hulala analiangalia dirisha.

Zamoyoni alipofika langoni akitoka, alimkuta Waziri Ngwanda amepiga magoti.

"Mheshimiwa Rais! Nimekusubiri kwa miaka mingi!"

"Mzee, si wiki hii tu ulinipa cheti?"

"Na unadhani nilikupa kwa sababu gani? Nilikuona! Nilisema moyoni, huyu ndiye!"

Kamishna wa Mapenzi naye alikuwa amefika, anahema. Alisema amewapima wananchi njiani na mapenzi yao kwa Rais mpya hayana mfano. Nyuma yake walikuja majaji, wakuu wa mashirika na mtu wa kuchora picha za noti.

"Jamani, mimi nina harusi," alisema Zamoyoni. "Nipisheni!"

Waziri alirukia kipaza sauti nilichokuwa nimemfuata nacho Rais. "Ndugu wananchi! Mheshimiwa Rais ametoa falsafa mpya ya taifa. Falsafa hiyo inaitwa Nipisheni!"

Na wallahi falsafa ile ilifanya kazi. Vizuizi vya barabarani, ambavyo vilikuwepo tangu mimi kijana na hakuna aliyejua vinazuia nini, vilifunguka vyote. Polisi walipiga saluti badala ya kunyoosha mkono. Barabara ikawa nyeupe mpaka kwa Mzee Kondo. Mimi nilipanda nyuma na mtambo wangu wa kubeba mgongoni, maana siku ya kwanza kipaza sauti humfuata rais kila aendako.

*

Tulifika muadhini akijisafisha koo. Shekhe alikuwa amekaa. Afisa wa forodha alikuwa amevaa kanzu nyeupe, lakini alipoliona deraya linapinda kona aliikumbuka kazi yake ghafla, akatoka kwa mlango wa uani.

Mzee Kondo alitoka nje akiwa na redio yake kwapani. Alilizunguka gari, akaligonga kwa bakora. Nikaona limemfurahisha. Kisha akamgeukia mkwewe.

"Gari nimelikubali. Sasa niambie, kijana, siku hizi unafanya kazi gani?"

Zamoyoni alijikuna. "Kinyozi, baba. Ila kuanzia asubuhi wanasema mimi ni rais."

"Nimesikia. Na aliyekuwepo kabla yako yuko wapi?"

"Amekimbia."

"Na wa kabla ya huyo?"

Zamoyoni alinitazama mimi. "Alikimbia," nilisema. "Na wa kabla yake naye. Mmoja alikimbia bila kumaliza chai."

"Basi funga safari urudi," alisema Mzee Kondo. "Posa kwangu aliileta kinyozi. Rais hajaleta posa, na akileta naikataa. Nimuoze mwanangu kwa mtu wa kazi ambayo mwisho wake ni mbio? Akimbie naye na mimba tumboni, hadi mpaka wa nchi?"

Waziri Ngwanda alimnong'oneza Rais kwamba mzee huyu anaweza kukamatwa, na binti akaletwa baadaye kwa njia ya ofisi. Zamoyoni alimtazama kama nywele iliyoanguka kwenye supu.

Dirisha likafunguka. Alikuwa Chausiku mwenyewe, mtandio begani, wanja umetoka kweli.

"Zamoyoni!"

"Naam, Chau."

"Umekuja kunichukua mimi au umekuja kuchukua nchi?"

"Nchi wamenipa tu, sikuiomba! Nimekuja kwako."

"Basi waambie."

Zamoyoni alininyang'anya kipaza sauti.

"Wasikilizaji, ni mimi tena. Hii kazi niliyopewa asubuhi naiacha. Imeanza kuniharibia mambo. Nchi iko palepale, sijagusa kitu. Asanteni."

Katika miaka yangu yote nimesikia marais wakipinduliwa, wakipotea, wakiugua ghafla ng'ambo. Aliyesema "naiacha" na "asanteni" sijapata kumsikia. Nilifurahi mpaka nikasahau kuzima mtambo, ndiyo maana taifa zima lilisikia Waziri akilia, "Haiwezekani! Hakuna utaratibu wa kuacha!", na taifa zima likamsikia Mzee Kondo akimwambia, "Wewe nyamaza, shekhe anasoma."

Ndoa ikafungwa. Vigelegele vilipigwa mpaka kwenye nyumba zisizoalikwa, na kutoka nyumba hizo watu wakaja kula.

*

Pilau ilikuwa katikati pale viongozi walipoanza kutazamana. Nchi haikuwa na rais, na kila mmoja wao alijua atakavyoupata urais yeye. Ilitakiwa tu deraya mpaka Redioni. Deraya lenyewe lilikuwa moja linalokwenda. Waziri Ngwanda akaaga anakwenda kunawa mikono, akajipenyeza mpaka kwenye mlango wa Heshima. Alikuta godoro limefungwa juu, kabati la vyombo limefungwa nyuma, na ndani wameketi shangazi watatu wa bibi harusi ambao walikwisha vua viatu.

"Mtoto wa nani wewe?" walimuuliza. Akarudi mkekani.

Jua likielekea kutua alifika Mlezi Mkuu mwenyewe. Alikuwa na taulo lake begani na vumbi mpaka magotini. Alikuwa amefika karibu na mpaka, akasikia redioni kwamba kazi imeachwa, akarudi mbio. Watu walimpisha kwa adabu, akapelekwa kwa Bi Tabu aliyekuwa anasimamia sufuria.

"Mama," alisema kwa sauti ya upole ambayo sisi wa Redio hatukuwahi kuirekodi, "naomba kuazima gari. Nusu saa tu. Naenda Redio na kurudi."

"Kila mtu husema nusu saa," alijibu Bi Tabu bila kuacha kukoroga. "Jumamosi ijayo ni la Mwanahija wa kwa Pazi. Inayofuata ni mapacha, wote wanaolewa siku moja. Baada ya hapo kuna mtoto anatahiriwa, amekataa kabisa kutahiriwa mpaka apande deraya. Vijana wa mtaa wa chini wanafufua lori la Meja Luhende, wanalitafutia magurudumu, lakini hata hilo limekwisha shikwa. Vijana wote wanataka magari haya sasa, baba, uwanja umejaa."

Mlezi Mkuu aliligeukia deraya. "Lakini lile gari ni langu. Ndilo lililonileta."

"Nalijua. Umechangia?"

"Nini?"

"Dizeli. Kila aliyekaa hapa amechangia, hata kwa chupa ya soda. Tena niambie, baba, miaka yote hiyo umekaa Ikulu, harusi ya nani katika nchi hii umewahi kuichangia?"

Niliwahi kumsikia mtu huyu akizungumza saa sita mfululizo juu ya mafanikio. Pale alitazama chini, akatazama sahani za watu. Bi Tabu si mtu wa roho mbaya. Akampakulia, tena akamtilia ndizi. Alipomaliza akamwambia kama anataka gari, na aanze kama wengine wote, aingie kamati.

Basi mpaka ninapoandika habari hizi nchi yetu haina rais, kwa kuwa gari halijapata nafasi. Tunaendelea hivyohivyo. Wizara inaripoti kwamba kampeni ya vijana kupenda kutu imefaulu kupita malengo, na imeomba isitishwe haraka. Mlezi Mkuu wa zamani aliingia kamati, na amekuwa mwepesi sana kwenye viti. Anavibeba vinne vinne, hachubui mtu. Nilimuuliza Bi Tabu kama siku moja atampandisha cheo. Alisema mwakani, Mungu akipenda, anaweza kumpa birika awanawishe wageni mikono, lakini sufuria la nyama hapana, bado anamwangalia.